Uzoefu wangu: Kuirudishia sauti redio ya kuchomoa ya Peugeot 504

Mwezi uliopita nilimpelekea fundi mmoja wa Luthuli Avenue, Nairobi, redio ya kaseti iliyokuwa kwenye Peugeot 504 ya marehemu baba, nikamwomba airudishie sauti. Ninaandika haya kwa ajili ya yeyote aliyebaki na gari la miaka hiyo na ambaye ameambiwa, kama nilivyoambiwa mimi, kwamba redio za namna hiyo hazitengenezeki tena.

Gari lenyewe ni steshenwagoni ya mwaka 1979 yenye safu tatu za viti, na redio yake ni ile ya kuchomoa: ina mpini mbele, na ukiuvuta, redio nzima hutoka ndani ya kasha lililofungwa kwenye dashibodi. Waliozaliwa baadaye huenda wasielewe kwa nini mtu alihitaji kitu kama hicho. Wezi wa Nairobi walizipenda redio za magari kama walivyovipenda vioo vya pembeni, ambavyo hadi leo watu huvichorea namba ya usajili ili visiuzike kwa urahisi, na kwa hiyo mwenye gari aliingia kanisani au hotelini akiwa ameishika redio yake mkononi kama aliyebeba kikapu. Kwetu Buruburu, baba alipoiweka juu ya kabati la vyombo tulijua kwamba hatoki tena usiku huo. Ikiwa haipo kabatini, ulinyamaza na kusikiliza lango.

Duka la kwanza nililoliendea lilinipa jibu kwa dakika mbili. Kijana aliyenipokea aliitazama redio bila kuigusa, akanishauri ninunue skrini ya kisasa, na nilipomuuliza itaingia wapi, alinieleza kwamba dashibodi ingekatwa kidogo ili nafasi ipanuke. Dashibodi ya umri huo ikishakatwa hairudi. Nilimshukuru nikaondoka.

Fundi wa Luthuli ni mzee anayefanya kazi juu ya ngazi zenye giza, katika chumba ambacho meza moja imezidi kujaa. Aliifungua redio papo hapo, akainusa, akaniita nisogee nione.

"Mama, hii haijafa. Mipira ndiyo imeyeyuka. Niachie, lakini usinikimbize."

Ndani ya redio ya kaseti mna mota ndogo inayozungusha kila kitu kwa mipira myembamba, na mipira hiyo ikikaa miaka mingi hulainika ikawa kama lami, ikayagandia magurudumu na kuchafua kila kinachoigusa. Kutia mipira mipya si kazi kubwa. Kazi ni kuitoa ile lami yote kwa pamba na spiriti, kwa sababu ikibaki hata chembe, mpira mpya utateleza. Kisha akarekebisha kasi ya mota, kwa kuwa utepe wa kaseti hutakiwa kupita mbele ya kichwa kinachosoma sauti kwa takriban sentimita 4.76 kwa sekunde, na kasi ikizidi, mwimbaji mzima hutoka na sauti ya mtoto. Hatua iliyonivutia zaidi ilikuwa ya mwisho. Kichwa kina skrubu ndogo pembeni, naye aliizungusha kidogo kidogo huku kanda ikicheza, macho ameyafumba, mpaka nyuzi nyembamba za gitaa ambazo zilikuwa zimefunikwa zikafunguka zote kwa pamoja. Hakutumia kipimo chochote isipokuwa masikio yake, na sikumwona akirudia.

Aliniahidi siku tatu, zikawa kumi na moja, na huo ndio upungufu wa kwanza nitakaoutaja. Katika siku hizo nilizunguka Kirinyaga Road, ambayo wazee bado huiita Grogan, nikitafuta vitu vingine ambavyo gari lile lilikuwa navyo. Nilitaka zile taa mbili kubwa za mviringo zilizofungwa mbele ya bampa na kuvishwa vifuniko vyeupe vya plastiki. Baba alizifunga kwa sababu ya Safari Rally: 504 ilishinda mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na mwaka 1978 Jean-Pierre Nicolas akashinda kwa 504 ya milango miwili, na baada ya hapo mtu mwenye Peugeot ya kubebea watoto na magunia ya viazi alijiona yumo mashindanoni kila Pasaka. Nilipata taa za LED za kila umbo, lakini hizo sikuzipata. Ule ukanda wa mpira uliokuwa ukining'inia nyuma na kuburura barabarani pia haupo. Uliaminika kutoa umeme mwilini mwa gari ili abiria wasitapike, ingawa tairi zenyewe, kwa kuwa zina masizi ya kaboni, huupeleka umeme huo ardhini bila msaada. Mimi nilitapika kwenye kona za Mai Mahiu ukanda ukiwepo.

Vitambaa vya kufuma sikuvitafuta dukani kwa sababu havikuwahi kuuzwa dukani. Mama alivifuma mwenyewe, vya rangi ya maziwa vyenye ukingo wa kahawia, vikawekwa juu ya migongo ya viti na kingine kikafunika boksi la tishu nyuma ya kiti cha mwisho. Gari lilipotoka kwa muuzaji lilikuwa kama nyumba isiyo na pazia. Baba alichagua redio na taa, mama akachagua rangi, na mimi na kaka yangu tukagombania mahali pa kubandika stika. Redio ile iliweza kuchaguliwa kwa sababu ilitengenezwa kwa kipimo kimoja kilichokubaliwa na viwanda vingi, milimita 180 kwa 50, hivyo ungeweza kuibadilisha bila kugusa kitu kingine. Toyota tunayoitumia kila siku, iliyoletwa ikiwa imetumika kutoka Japani, ilikuja na kila kitu kimeshaamuliwa, hata mawimbi ya FM yakiishia 90 wakati stesheni zetu zinafika 108, nikalazimika kununua ekspanda, kifaa cha kuyashusha mawimbi ya stesheni zetu yaingie kwenye redio hiyo, ili nisikilize habari. Sioni kwamba huko ni kuchagua.

Malipo yote yalikuwa shilingi 6,300: kazi na mipira 4,500, na spika mbili za mlangoni 1,800. Tulipoifunga garini mara ya kwanza ilisikika na mlio mwembamba uliopanda kila nilipokanyaga mafuta, nao ulitokana na waya wa ardhi uliolegea. Fundi alishuka ngazi akaukaza bila kudai senti. Redio kwa upande wa FM bado inakwaruza nikipita Pangani, na nadhani eriali ndiyo yenye kasoro. Kanda, kwa upande mwingine, zinacheza vizuri kuliko nilivyokumbuka. Epuka tu zile za dakika 120, maana utepe wake ni mwembamba na hunaswa upesi. Ningempa fundi huyu kazi nyingine leo hii, ila ningemwongezea wiki moja katika mahesabu yangu.

Jioni ile nilirudi kwa Thika Road nikiwa na kanda ya dakika 90, na upande wa kwanza ukaisha nikiwa bado kwenye foleni ya Roysambu. Nilipofika nyumbani nilizima injini, nikavuta mpini, redio ikatoka kwa ule mkwaruzo mfupi niliokuwa nimeusahau. Niliingia nayo ndani nikaiweka juu ya kabati. Binti yangu aliniuliza kama imeharibika tena. Nikamwambia hapana, ni kwamba sitoki tena usiku huu.