Inama ya vitabu pale Tom Mboya: ukitaka Epictetus, Aristotle na Oruka kwa bei ya kawaida, anzia hapa

Naona watu wakiuliza kila mara ni wapi hapa tao Nairobi unaweza kupata vitabu vya falsafa bila kumaliza pesa ya nyumba, so wacha niwaambie kuhusu mzee mmoja wa inama, yaani wale wa kuuza vitabu vya mitumba kando ya barabara mpaka uiname kuchagua, upande wa barabara ya Tom Mboya ambaye nimekuwa kastoma wake kitambo. Sio duka, ni meza na turubai chini ya veranda. Mbele ni vitabu vya shule, hapo ndio anapata pesa yake na Januari huwezi hata kumkaribia, katikati ni riwaya, halafu nyuma kabisa, ukutani, kuna makatoni ya falsafa na ndiyo yamenifanya niandike hii.

Wengine hupanga vitabu kwa saizi ama vile kava zinafanana. Huyu anapanga kwa maswali. Kila katoni ameiandika kwa maka pen, moja inasema NITAISHI AJE, nyingine NANI ATAWALE, nyingine TUTAJUAJE NI KWELI. Ukianza kuchimba unakuta Wagiriki ndio wengi kila mahali, lakini hawako peke yao na hiyo ndio inanifurahisha zaidi. Kwa katoni ya utawala Plato na Aristotle wamebanwa na kopi ya Katiba yetu ya 2010, na sio bahati, ukimuuliza atakufungulia pale Aristotle anasema kila serikali iko na sehemu tatu, wenye kujadili mambo ya umma, wenye kushika vyeo, na wenye kuhukumu, halafu anafungua Katiba anakuonyesha Bunge, Serikali na Mahakama. Huyo Mgiriki aliandika hivyo zaidi ya miaka 2300 iliyopita. Na hakufichi upande mbaya, atakuambia hapohapo kwamba Aristotle huyo huyo alitetea utumwa akisema kuna watu wamezaliwa kutawaliwa, na kwamba hiyo demokrasia ya Athens wanawake na watumwa hawakuwa na kura ndani yake.

Huduma sasa. Hakuuzii kitabu kabla hajakuhoji. Nilikuwa nimesimama hapo kijana fulani akaja mbio akasema, "Mzee, nataka kitabu cha kufaulu maishani."

"Kufaulu ni nini, kijana wangu?"

"Si ni kuwa na pesa tu."

"Na yule mwenye ameiba akatajirika, amefaulu?"

Kijana akanyamaza kidogo. "Hapana, huyo hajafaulu."

"Basi kuna kitu kingine umeacha nje. Ni nini?"

Waliendelea hivyo mpaka kijana akaweka begi chini. Akaondoka na Aristotle ya maadili kwa shilingi 300, ile anauliza maisha mema ni yapi na anasema tabia njema haiji kwa kusomewa, inakuja kwa kurudia matendo mpaka yanakuwa mazoea. Hii ya kumuuliza mtu mpaka ajione alikuwa anadhani anajua ndio mwanafalsafa Socrates alikuwa anafanya sokoni Athens, na ndio ilimletea maadui, mwaka wa 399 kabla ya Kristo wakamshtaki mbele ya baraza la wananchi kama 500 waliochaguliwa kwa kura ya bahati nasibu na wakamhukumu kunywa sumu. Walimu wetu wazuri wa sheria bado wanafundisha kwa maswali vilevile. Na ukipita bustani ya Jeevanjee ukute Bunge la Mwananchi, wale raia wa kawaida wa kujadili siasa hadharani, wakibishana, utasikia mtu akibanwa aeleze anamaanisha nini akisema "haki", hiyo ni kazi ileile na hakuna mtu amewalipa kuifanya.

Kitabu nilichonunua hapo na ningependa kila mtu akinunue ni kile kidogo cha Epictetus, shilingi 150, kinaingia mfuko wa koti. Mwenye alikuwa nacho mbeleni alipiga mstari kwa penseli pale panasema kinachowasumbua watu sio mambo yenyewe bali vile wanavyoyachukulia, na pembeni akaandika "kodi ya Machi". Hayo tu. Nimefikiria sana juu ya huyo mtu. Epictetus mwenyewe alizaliwa mtumwa, mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, akafukuzwa Roma na Kaisari Domitian pamoja na wanafalsafa wengine, akaenda kufungua shule Nicopolis huko Ugiriki, na hakuandika chochote, ni mwanafunzi wake Arrian alikuwa anachukua noti. Kwa hizo noti ndipo Albert Ellis wa Marekani alichota alipoanzisha tiba yake ya saikolojia miaka ya 1950, na daktari wa akili Aaron Beck naye akakiri mizizi iko kwa Wastoa, wale wanafalsafa ambao Epictetus alikuwa mmoja wao. Kwa hivyo ukienda kwa mshauri hapa Nairobi akakuambia uandike ile fikra iliyokujia kabla hujapandwa na hasira, halafu uichunguze kama ni ya kweli, ujue hiyo dawa imetoka mbali sana.

Kuna kitu sikubaliani nacho na lazima niseme. Watu wanachukua Wastoa siku hizi kuwaambia wengine wavumilie tu, umenyimwa mshahara vumilia, umeonewa vumilia. Hiyo sio Stoa. Kwao haki ilikuwa moja ya fadhila nne, pamoja na hekima, ujasiri na kiasi, na ukiiondoa haki umebaki na ubaridi wa moyo tu. Mzee tunakubaliana kabisa kwa hili.

Sasa mwenye atauliza kwa nini tusome Wagiriki na sisi tuko na wazee wetu, ajue kwa ile katoni ya TUTAJUAJE utapata Henry Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliyefariki 1995. Huyu alienda vijijini kuhoji wazee, na sio kuandika methali tu, aliwasukuma kwa maswali aone nani anarudia tu mila na nani ameipima mila kwa akili yake, akaonyesha kwamba kufikiri kwa kina hakuhitaji shule wala maandishi. Socrates mwenyewe si hakuandika? Karibu na Oruka yuko Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu wa Cordoba huko Hispania, ambaye ufafanuzi wake wa Aristotle ndio wasomi wa Ulaya waliutegemea. Ukiwaona wote kwa katoni moja unaelewa haya mambo yamepitia mikono mingi, na sisi pia tuko ndani.

Kasoro ziko. Vingine ni fotokopi na maandishi yamefifia, kwa hivyo fungua kila ukurasa kabla hujalipa, mimi kuna mahali kwingine niliuziwa Plato yenye kurasa zimeruka katikati na wakakataa kurudisha, huyu mzee akikosea anabadilisha bila maneno. Mvua ikinyesha anafunika kila kitu, usisumbuke kwenda. Na kama ndio unaanza usikubali akuuzie Plato ya dola bora (Republic) kwanza, anaipenda kupita kiasi na ni nzito, mwambie akupe ile ya kesi ya Socrates, ni fupi na unaimaliza jioni moja.

Ukirudisha kitabu kikiwa kizuri unaongeza 50 tu unachukua kingine. M-Pesa anakubali, Jumapili hayuko. Vitabu vya Epicurus, Mgiriki mwingine, mzee hana saa hii na anavitafuta sana, kama uko na kopi imekaa tu kwa nyumba mpelekee, atakuachia uchague chochote kwa hayo makatoni.