Kegi ya lita 19 kwa joto la Mtwara: uzoefu wangu

Bia ninayopika nyumbani, hapa Shangani, nilikuwa naitia gesi kwa sukari: kidogo kwenye kila chupa, kifuniko, halafu unasubiri huku ukiomba isipasuke. Kwa joto letu hamira haina simile. Sasa natumia kegi, yaani pipa la chuma cha pua, zile zilizokuwa za soda, na mtungi wa gesi ya kaboni wenye regyuleta. Chupa sizitamani tena.

Kazi yenyewe nyepesi. Bia ikishachachuka na kutulia naihamishia kwenye kegi, napandisha presha hadi psi 30 (psi ni kipimo cha presha, kile cha upepo wa matairi) ili kifuniko kikae sawasawa, navuta valvu ya juu mara kadhaa hewa ya ndani itoke. Kisha nashusha hadi psi 12, chini ya nusu ya upepo wa tairi la gari dogo, na kuiacha imeungwa na gesi ndani ya friji, nyuzi 4. Wiki moja hadi mbili gesi imekolea. Wenye haraka huiacha kwenye psi 30 siku nzima au huitikisa kegi. Inawezekana, ila ukipitiliza utakunywa povu.

Friji ndiyo kila kitu. Gesi huyeyuka kwenye kinywaji baridi na kukimbia chenye joto. Psi 12 hizo hizo, kegi ikiwa jikoni kwenye nyuzi 28, zitakupa bia iliyopooza. Ili ikolee sawa utahitaji zaidi ya psi 30, na ukifungua bomba povu tupu.

Malalamiko yangu ni kwa muuzaji. Mzigo ulikuja kwa basi kutoka Dar bila washa, kile kiduara cha kuzuia gesi isivuje, ya kukaa kati ya mtungi na regyuleta. Nilipopaka povu la sabuni kwenye nati, mapovu yakaanza kuvimba moja moja. Simu hakupokea. Fundi friji wa Chikongola ndiye aliyeniokoa. Mpira wa kumiminia nao ulikuwa mfupi mno. Nimeweka mwembamba wa mita tatu na povu limetulia.

Geji ya mtungi msiiamini sana. Gesi mle ndani ni kimiminika, kwa hiyo mshale hukaa palepale mpaka kimiminika kiishe, kisha unaporomoka. Mimi naweka mtungi kwenye mizani. Lita 19 hunywa gramu 100 hivi, na hata ukijumlisha ya kusukumia bombani, kilo 5 zinakwenda mbali.

Mitungi ya kuzimia moto achaneni nayo: ya gesi hii ina bomba ndani linalovuta kimiminika kutoka chini, na regyuleta haikuundwa kwa ajili hiyo.

Kama una friji la ziada, nunua. Kama huna, baki na chupa, maana kegi ina urefu wa sentimita 65 hivi na rafu zote lazima zitoke. Mke wangu bado ananiuliza samaki wake akawaweke wapi.