Kalipa tatu, bomba moja la siti: ipi inasema kweli?

Haya wadau, mnaona siti ya baiskeli yangu inavyozama? Nimeikaza hadi boliti inalia, nikaikalia, imeshuka vidole viwili. Na bomba linaloibeba ni jipya! Aliyeniuzia hana kosa, alinipa nilichoomba. Kosa ni langu: nilipima kwa futikamba.

Futikamba iliniambia upana wa bomba ni milimita 27, nikaridhika. Sasa, mabomba ya siti hayapishani kwa milimita nzima. Kuna 26.8, kuna 27.0, kuna 27.2. Fremu yangu inataka 27.2, kipimo cha baiskeli nyingi za barabarani, mimi nikaleta 27.0. Wenye baiskeli za milimani mara nyingi mtakuta 30.9 au 31.6. Hapo nako, jicho na futikamba havitoshi.

Kwa hiyo leo nina kalipa tatu, vile vipimio vya meno mawili yanayobana kitu na kukuambia upana wake, na hili bomba langu la zamani. Nimelifuta grisi, na huku chini, ona, limegongwa namba: 27.2. Daima anza kutafuta hiyo namba, huenda usihitaji kalipa kabisa.

Hii ya kwanza ni ya plastiki. Nikibana polepole inasema 27.3. Nikibana kwa nguvu, 26.9. Sogea karibu uone meno yanavyopinda... umeona? Hii ni ya kupimia mbao, tuiweke pembeni.

Ya pili ni ya chuma, ya betri. Funga meno, bonyeza sifuri, ndipo upime. Napima sehemu iliyokuwa ndani ya fremu, isiyo na mikwaruzo: 27.16. Nazungusha bomba robo: 27.18. Usiseme "mbona haifiki?" Mabomba mengi huwa pungufu kidogo ya namba yake ili yaweze kuingia. 27.16 ni 27.2, usishuke hadi 27.0.

Ya tatu haina betri, unasoma mistari midogo kwa macho yako. Inanipa jibu lile lile. Kwa kazi ya gereji mimi naichukua hii, haizimiki katikati ya kazi. Ukiwa na haraka au macho yamechoka, chukua ya betri.

Na kama bomba limepotea, umebaki na tundu tu? Hapo kazi ipo. Mdomo wa fremu una ule mpasuko, na kibano, ile pete inayouzunguka, kikikazwa miaka mingi unabanwa, unakuwa kama yai. Legeza kibano, pima kwa yale meno madogo ya kalipa ya kupimia ndani ya tundu, mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia. Vikitofautiana sana, mdomo umepinda, usiuamini. Na tafadhali, usisome namba ya kibano ukadhani ndiyo ya bomba. Kibano kinakaa nje ya fremu, namba yake ni kubwa zaidi.

Huna kalipa? Zungushia bomba karatasi nyembamba, ibane vizuri, toboa kwa sindano pale inapolaliana. Ifungue, pima kati ya matundu mawili, gawanya kwa 3.14. Bomba la 27.2 linakupa kama 85.5, la 27.0 linakupa 84.8. Tofauti hiyo rula inaiona! Mimi nilishangaa: kipande cha karatasi kimeishinda kalipa ya plastiki. Ila karatasi nene itakuongezea, unene wake nao unahesabika.

Sasa tuingize 27.2. Fremu yangu ni ya chuma na bomba ni la alumini, kwa hiyo napaka grisi. Likiwa la kaboni, usipake grisi, lina dawa yake ya kuzuia kuteleza. Nasukuma... sikia hewa inavyotoka, fyuuu. Lile la 27.0 lilidondoka kimya. Mstari wa mwisho, ule uliochorwa kwenye bomba kuonyesha mwisho wa kulivuta juu, umezama ndani ya fremu, nakaza kidogo tu, naweka utepe mwekundu pale bomba linapoingilia.

Nakaa. Naruka kidogo. Leta kamera huku... utepe haujasogea.