Kifurushi cha mwaka wa kwanza baada ya baipasi: lipia watu, acha makopo

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aondoke nayo. Kama hospitali inakuuzia kifurushi cha huduma za mwaka wa kwanza baada ya upasuaji wa kupunguza uzito, upande wa watu na vipimo unastahili pesa yake yote, na upande wa bidhaa haustahili hata nusu. Nyota nne na nusu kwa upande wa kwanza, moja kwa wa pili. Hospitali siitaji jina. Nimeshaona karatasi za vifurushi vya kwingine na tofauti ni rangi ya mfuko tu.

Mimi nilifanyiwa baipasi. Kwa asiyeijua: daktari anatenga sehemu ndogo ya juu ya mfuko wa chakula, inayobeba kama mililita 30, anaiunganisha na utumbo mdogo mbele kidogo ya pale ulipoanzia. Sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo hubaki mwilini, ila chakula hakipiti tena huko. Unakula kidogo, na madini na vitamini zilizomo kwenye hicho kidogo hazifyonzwi zote. Ndiyo maana vidonge vya vitamini vinageuka gharama ya kudumu, kama kodi ya nyumba: utalipa mwezi huu na mwezi ujao, uwe umepungua au hujapungua. Waliokatwa tumbo tu, bila kuhamishiwa utumbo, wasidhani wamepona. Nao wanameza.

Kazi yangu ni kukagua hesabu za watu, kwa hiyo kabla ya kulipa niliomba mchanganuo. Mhudumu alinitazama kana kwamba nimemtukana. Hatimaye ilikuja karatasi: vikao na mtaalamu wa lishe, vipimo vya damu mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, namba ya simu ya muuguzi, kadi ya mgonjwa, na kitu kilichoandikwa "mfuko wa mwanzo". Huo mfuko pekee ulikuwa umebeba zaidi ya theluthi ya bei.

Ndani yake, cha kwanza ni unga wa protini, kopo kubwa la kushika kwa mikono miwili, ladha ya vanila. Vanila nilikuwa naipenda. Lakini ulimi unaotoka nao chumba cha upasuaji unaweza kukataa mambo uliyoyazoea miaka yote, na wangu uliikataa vanila tangu harufu. Hili si geni kwa hospitali, wagonjwa wengi hulalamika hivyo hivyo. Kwa nini basi wampe mtu kopo kubwa la ladha moja kabla hajajua ulimi wake utasemaje? Pakiti ndogo za ladha mbalimbali zingetosha wiki za mwanzo, ambapo ni vya maji tu, kisha vya kusaga, kisha vilaini. Kijana wa wifi yangu anayenyanyua vyuma ndiye aliyelimaliza lile kopo, na ameniulizia jingine.

Cha pili, kalsiamu. Hapa nilikasirika. Vidonge vilikuwa vya kalsiamu kaboneti, aina inayohitaji asidi ya tumbo ili ifyonzwe vizuri, wakati tumbo langu jipya asidi yake ni haba. Inayopendekezwa zaidi kwa watu wa baipasi ni kalsiamu sitireti, ambayo haitegemei sana asidi. Aliyeniambia haya ni mtaalamu wa lishe wa hospitali ile ile, akiwa ameshika kopo lenye nembo ya mwajiri wake. Alisema, "Dada, hii mpe mama yako. Wewe kanunue sitireti." Kwa uaminifu huo nilimpenda papo hapo.

Sasa sitireti nayo ina hesabu yake, na ndugu wanunuzi, geuzeni kopo msome nyuma. Mbele limeandikwa vidonge 120, ukaona hapa nimepata akiba ya miezi. Nyuma kipimo ni vidonge viwili kwa mara moja, na unahitaji miligramu 1,200 hadi 1,500 kwa siku, ambazo mwili haukubali kuzipokea kwa mkupuo. Unazigawa mara mbili au tatu. Viwili mara tatu ni sita kwa siku, na kopo la 120 limekwisha siku ya 20. Ukilinganisha bei za makopo madukani, usigawe kwa idadi ya vidonge. Gawa kwa siku litakazokufikisha. Kuna kopo lililoonekana rahisi kuliko yote, na kwa hesabu hiyo likawa ghali kuliko yote.

Cha tatu ni vitamini za kutafuna zenye umbo la dubu. Tamu kweli, watoto walizigombania. Nilitafuta madini ya chuma kwenye lebo, hayapo. Vitamini B1, haipo. Mwanamke ambaye bado anaona siku zake, baada ya baipasi, anaelekezwa apate miligramu 45 hadi 60 za chuma kwa siku, halafu anapewa dubu. Kama unazipenda kula, kula, lakini usizihesabu kuwa ndizo vitamini zako.

Na biotini, dozi kubwa, "kwa ajili ya nywele". Ni kweli nywele hutoka. Zangu zilianza mwezi wa nne, nikawa naziokota kwenye mto asubuhi. Mwili ukipungua kwa kasi hufanya hivyo, na kwa kawaida nywele hurudi zenyewe baada ya miezi kadhaa, mradi protini, chuma na zinki havikosekani. Tatizo la biotini ni jingine. Kwa dozi kubwa inaweza kuharibu majibu ya baadhi ya vipimo vya maabara, vya tezi ya shingo na hata kile cha kutambua mshtuko wa moyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu hilo mwaka 2017. Kwa hiyo mkono mmoja kifurushi kinakuuzia vipimo vya damu, mkono wa pili kinakupa kidonge cha kuvichafua. Nilimuuliza mhudumu wa mapokezi. Akanijibu kuwa wateja wanaipenda.

Sahani ndogo na kijiko cha mtoto sina neno navyo. Vinasaidia, ila kila nyumba inavyo.

Tuje kwa watu.

Mtaalamu wa lishe peke yake angebeba nyota tano. Kikao cha kwanza hakugusa kalori. Alichukua karatasi akachora siku yangu: naamka saa ngapi, nafika kazini saa ngapi, chai nakunywa lini. Chai ndiyo iliyomsimamisha. Vidonge vya chuma havipatani na chai wala kahawa, na havipatani na kalsiamu, vinataka vipishane saa mbili hivi. Ukiweka na kalsiamu mara tatu, maji kwa mafunda madogo hadi ifike lita moja na nusu, na sharti la kutokunywa wakati wa kula hadi ipite nusu saa, unaona siku haina nafasi. Tulihamisha chuma usiku kabla ya kulala, kalsiamu zikawa asubuhi, mchana na jioni, na chai yangu ikabaki mahali pake. Hiyo karatasi bado iko mlangoni mwa jokofu. Ofisini simu yangu inalia mara kwa mara, na mwenzangu wa meza ya jirani siku hizi ananiwahi: "Mama, vidonge."

Alinifundisha pia kuanza na protini kwenye sahani. Yai, samaki, kuku, mtindi, kisha mboga, na wanga ukipata nafasi. Lengo ni gramu 60 za protini kwa siku au zaidi, na kwa tumbo la ukubwa huu hilo ni shughuli. Kuhusu sukari hakunitisha, alinieleza tu: vitu vitamu sana vikiteremka haraka kwenye utumbo, moyo unaenda mbio, jasho linatoka, tumbo linasokota, unatafuta pa kulala. Wao wanaita dampingi. Ipo inayokuja ndani ya nusu saa, na ipo inayokuja saa moja hadi tatu baadaye, sukari ya damu inapoporomoka. Nilipokutana nayo kwenye sherehe ya watu, glasi ya juisi mkononi, nilijua ni nini na sikukimbizwa hospitali. Hiyo ni gharama niliyoiokoa ambayo haimo kwenye mchanganuo wowote.

Vipimo vya damu, msivikwepe. Mwezi wa sita nilijisikia mzima kabisa, napanda ngazi naongea. Majibu yakaonyesha feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, imeshuka sana, ingawa damu yenyewe ilikuwa bado sawa. Dozi ikabadilishwa kabla sijaanza kuanguka anguka. Vitamini B12 nayo ilikuwa inateleza, nikahamia kwenye sindano ya kila mwezi, ambayo kwa hesabu zangu ni nafuu kuliko vidonge vya kuyeyusha chini ya ulimi.

Kadi ya mgonjwa ni kipande cha plastiki kisicho na thamani mpaka siku ya jino. Daktari wa meno alishaandika diklofenaki, nikamwonyesha kadi: baipasi, asipewe diklofenaki, ibuprofeni na dawa za jamii hiyo. Akaifuta akaandika parasetamoli, akasema, "Dada, ungenyamaza tungekuletea vidonda vya tumbo." Hata kama hospitali yako haitoi kadi, jiandikie, itie kwenye pochi.

Nusu nyota niliyoikata ni ya simu. Namba imetangazwa kuwa ya saa 24. Siku za kazi ni kweli. Usiku mmoja baada ya kutapika siku kadhaa mfululizo nilipokelewa na muuguzi aliyejua kazi: maji yanakaa? mkojo rangi gani? miguu inachoma au kufa ganzi? Hilo la mwisho anauliza kwa sababu mtu akitapika muda mrefu vitamini B1 hukauka haraka, na upungufu wake unaweza kuharibu neva na ubongo. Aliniambia nije asubuhi ile ile, nisisubiri miadi. Lakini Jumapili simu inalia mpaka inakata, kila Jumapili niliyojaribu.

Kitu kinachonikera kwa jumla ni kwamba haya yote yanauzwa kama nyongeza. Baipasi haikuanza jana. Edward Mason alianza kuifanya Iowa, Marekani, mwaka 1966. Inajulikana wazi kuwa mgonjwa atahitaji vitamini na vipimo maisha yake yote, basi bei ya upasuaji itajwe pamoja na gharama hizo mezani, mtu aamue akijua. Bima yangu ililipa upasuaji, ikalipa sehemu ya vipimo, na vitamini ikaziita virutubisho, maana yake jilipie.

Ambayo kifurushi hakisemi kabisa: nguo. Zinaanza kukuvuka kabla hujazizoea, na kununua mpya kila saizi ni kuchoma pesa. Mimi nilikuwa na fundi wa kupunguza, na mtumba kwa saizi za kupita njia. Sidiria ndizo hazipunguziki, hizo tenga fungu. Viatu navyo vililegea, jambo ambalo sikulitegemea. Ngozi iliyolegea ni hadithi nyingine. Fulana ya kubana inaishikilia na kupunguza michubuko, haiiondoi, na wanaotangaza krimu za kuirudisha waulize wamewahi kuona nini. Kuikata ni upasuaji mwingine, madaktari hutaka kwanza uzito utulie kwa miezi kadhaa, na bima nyingi huiona kuwa urembo.

Upande wa mapato, ili hesabu iwe ya haki: dawa za kisukari daktari aliziondoa, za presha alizipunguza nusu. Pesa hiyo karibu inalipa kalsiamu na chuma. Chakula nyumbani hakikupungua kama nilivyodhani, wengine bado wanakula.

Mwaka wa pili hospitali ilinitumia ankara ya kuendelea, na mfuko mpya ndani yake. Nikasema nataka vikao na vipimo bila mfuko. Wakasema kompyuta haiwezi kuvitenganisha. Nikaandika barua, nikaambatanisha karatasi yao wenyewe ya mchanganuo, na kompyuta ikaweza. Kwa hiyo mnaojiandaa: ombeni mchanganuo kwa maandishi kabla ya kulipa amana, ulizeni kalsiamu ni ya aina gani, na ulizeni nani anapokea simu Jumapili. Hilo la Jumapili na mimi nimewaandikia. Bado hawajajibu.