Mitungi, mifuko na pampu za maji: kipi kinafaa kambi ya Manda na Kiwayu

Manda na Kiwayu ni visiwa vya Lamu. Anayepiga kambi Manda upande wa Takwa, penye magofu ya mji wa kale, asitegemee kuchota maji huko. Maji ya mvua huvunwa kwenye majabia, yaani matangi ya kujengwa, na visima vingi ni vya chumvi. Mji wa Takwa wenyewe ulihamwa karne ya 17, na kuharibika kwa maji ya visima ni mojawapo ya sababu zinazotajwa. Kichujio cha kambini hakiondoi chumvi, wala dawa ya klorini. Basi maji yote hupakiwa Lamu mjini au Shela, na chombo chochote kinachouzwa, kiwe cha duka la vifaa au cha mtandaoni, swali lake la kwanza ni hili: kitashukaje botini?

Hesabu kwanza. Lita 5 kwa mtu kwa siku ni za kunywa na kupika tu, na jua la kaskazi halitaki zipunguzwe. Watu wanne kwa siku tatu ni lita 60. Ongeza 10 za akiba, maana upepo ukichafuka boti haiji kwa saa uliyoagana na nahodha. Vyombo vya kulia vioshwe kwa maji ya bahari, visuuzwe kwa maji matamu. Jumla ya lita 70 ni kilo 70 kabla hujapima plastiki.

Mtungi wa lita 20, ule wa njano uliotoka na mafuta ya kupikia, ndio rahisi kuupata na ndio mgumu kuvunjika. Tatizo ni uzito: ukijaa unafika kilo 21 hivi. Maji yakijaa boti husogea karibu na hakuna shida. Yakitoka, hasa siku za bamvua yanapokupwa sana, mtu hushukia mbali na kupita kwenye tope la mikoko, na kilo 21 mkono mmoja humpindisha kiuno. Mitungi miwili ya lita 10, mmoja kila mkono, hubebeka sawa. Tena mmoja ukipasuka au ukiingia maji ya bahari, hasara ni lita 10 tu. Kwa kambi ya visiwani, mitungi saba ya lita 10 ni chaguo letu kuliko minne ya 20, hata kama jumla ya bei inazidi.

Kabla ya kununua, geuza mtungi uangalie chini: pembetatu yenye namba 2 na herufi HDPE ndiyo plastiki inayofaa. Uliobeba mafuta ya kula huoshwa kwa maji ya moto na sabuni mpaka harufu iishe. Uliobeba mafuta ya taa, dizeli au dawa ya shamba usiukaribie, kwani plastiki huyanyonya na hakuna kuosha kutakakoyatoa.

Mifuko ya kukunjwa ina sifa moja kubwa: wakati wa kurudi haichukui nafasi. Lakini ile ya mikunjo kama kinanda huanza kuvuja kwenye kona za mikunjo, na ile laini hutobolewa na miiba, mawe ya matumbawe na chaza walioshika mizizi ya mikoko. Mmoja wa akiba unatosha. Uweke juu ya mkeka, si mchangani.

Tukija kwenye mfereji, yaani bomba dogo la kufungulia maji, hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mfereji wa plastiki wenye nati hufungwa kwenye ndoo ya mdomo mpana tu, kwa sababu lazima mkono ufike ndani. Toboa tundu linalolingana na uzi wake, weka washa ya mpira (pete bapa ya kuzuia kuvuja) ndani na nyingine nje, kaza kwa mkono, kisha robo zungusho zaidi na basi. Anayekaza kwa spana hupasua uzi na hatajua mpaka usiku. Jaza maji, weka kipande cha karatasi kavu chini yake kwa saa moja, uone kama kitalowa. Rudia mchana wa jua, maana joto hulegeza nati.

Kwenye mtungi wa mdomo mwembamba, nunua kifuniko chenye mfereji wake na uulaze mtungi. Vifuniko havina uzi mmoja, kwa hiyo nenda dukani na kile cha zamani mkononi. Maji yakitoka kwa kukwama na kugugumia, mfereji si mbovu: hewa haina pa kuingilia. Tundu dogo upande wa juu, lenye kizibo, humaliza neno.

Pampu ya kuchaji kwa USB, inayokaa juu ya chupa ya lita 18.9, inapendwa sana, na nyumbani inastahili. Mdomo wake umetengenezwa kwa shingo ya milimita 55 hivi, kwa hiyo kwenye mtungi wa kawaida haikai. Wauzaji huahidi chupa nyingi kwa chaji moja, ila ukipiga hesabu, betri ya mAh 1200 kwa volti 3.7 ina wati-saa 4.4 hivi. Mota ya wati 4 itaimaliza kwa saa moja na kidogo. Ikiwa inatoa lita moja na ushei kwa dakika, unapata chupa tatu hadi nne betri ikiwa mpya. Kwa siku tatu inatosha, bila kusahau kwamba chupa yenyewe ni nyembamba, haina mshikio, na inaonyesha ndani, hivyo ikikaa juani huota ukijani. Ifunike kwa kikoi au turubai.

Kinachoiua pampu hii visiwani ni chumvi kwenye tundu la chaji na mchanga kwenye mota. Kifuniko cha mpira cha tundu hilo kisiachwe wazi. Mrija wa silikoni ukate mshazari ili usijibane kwenye kitako, na uishie sentimita mbili juu ya kitako, usifike kwenye mashapo. Ikilia bila kutoa maji, izime mara moja.

Pampu ya kubonyeza kwa mkono haina chaji wala mota, na kwa kambi tunaipa alama zaidi. Inasukuma hewa ndani ili maji yapande, kwa hiyo inataka kinyume cha mfereji: shingo izibe kabisa. Ukibonyeza na maji hayapandi, kaza pete ya shingoni kabla ya kuilaumu pampu.

Zile za volti 12 ni za wenye gari, kama anayetoka Malindi kwenda kulala Marafa. Weka fyuzi ya ukubwa ulioandikwa kwenye pampu, na ile ya kuzamishwa isiwashwe kavu.

Vyombo vyote vitakaswe siku moja kabla: lita moja ya maji na vijiko viwili vya chai vya Jik (dawa ya klorini ya kufulia) isiyo na manukato, tikisa iguse kila upande pamoja na mfereji, ngoja nusu dakika, mwaga, suuza. Maji ya kunywa yenye shaka yatiwe kidonge cha Aquatabs cha mg 67 kwa lita 20, yaani nusu ya hapo kwa mtungi wa 10, usubiri dakika 30. Ukirudi, endesha pampu mpaka mrija utoke hewa tupu, uchomoe, uuning'inize kivulini. Mitungi ihifadhiwe bila vifuniko.