Lakrosi ya wasichana: chuo kikubwa au chuo kidogo?
Binti anayecheza lakrosi, mchezo wa timu wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu, huko Marekani hukutana na njia mbili akimaliza sekondari. Northwestern, chuo kikubwa jirani na Chicago, iko Daraja la Kwanza, ngazi ya juu kabisa ya michezo ya vyuo: timu yake ilitwaa ubingwa wa taifa mara tano mfululizo, 2005 hadi 2009, na chuo kinaruhusiwa kumlipia mchezaji ada kwa ajili ya kipaji chake uwanjani. Middlebury, chuo kidogo cha Vermont, kiko Daraja la Tatu, ambako ufadhili wa michezo hauruhusiwi kabisa.

Wengi wakisikia "daraja la tatu" hudhani ni mchezo wa mchangani. Sivyo hata kidogo! Middlebury walibeba kombe la daraja lao 2022, 2023 na 2024, na sheria ni zilezile: wachezaji 12 kila upande, robo nne za dakika 15, fimbo yenye wavu wa kudakia mpira.

Tofauti inayonigusa mimi ni muda. Daraja la Tatu lina msimu mfupi wa mazoezi, kwa hiyo binti hupata nafasi ya kukaa maabara, kuimba kwaya, hata kucheza mchezo wa pili. Wangu ningempeleka huko, mradi ada ipatikane.