Wasimamizi wa tovuti ya bure, na aya yetu waliyoitupa chini

Mradi wenyewe siutaji. Ni mfumo wa kuendeshea kompyuta wa chanzo huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote, unapewa bure, na tovuti yao huandikwa na watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali. Ukiona kasoro kwenye ukurasa unaruhusiwa kuirekebisha: unachukua nakala, unafungua tawi lako (toleo lako la pembeni) kwenye Git, programu inayotunza kumbukumbu za kila badiliko, unaandika, unatuma ombi la kuunganisha kazi yako na ukurasa wao, kisha msimamizi anapitia. Waliowahi kuhariri Wikipedia wasidhani ni mambo yaleyale. Kule ukihifadhi, kazi inaonekana papo hapo. Huku unakaa nje getini mpaka askari aamue kama uso wako unampendeza.

Na huyo askari ndiye amenifanya niandike haya.

Sisi ni kikundi kidogo cha Kampala. Jumamosi tunakutana Wandegeya, chumba kilicho juu ya duka la fotokopi, wanafunzi kadhaa na fundi mmoja wa kompyuta, na dada mmoja mwalimu wa Mbale anayejiunga nasi kwa simu. Tulipousoma ukurasa wa kupakua mfumo tukaona umeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuishiwa bando katikati ya kazi. Bofya hapa, subiri, umemaliza. Faili lenyewe linazidi GB 4! Hapa Uganda tulianza kutozwa shilingi 200 kwa siku za kuingia mitandao ya kijamii mwaka 2018, na tozo hiyo ilipoondolewa 2021 tukaletewa ushuru wa asilimia 12 kwenye data yenyewe. Kwa hiyo wengi hatupakui. Anapakua mmoja mwenye intaneti ya ofisini, wengine tunapokea kwa flashi. Fundi wetu anaishi kwa kazi hiyo: mteja analeta laptop ya mtumba, anaondoka na mfumo mpya, na hakuna aliyegusa mtandao.

Basi tukaandika aya chache za kuongeza pale. Jinsi ya kuendeleza upakuaji uliokatika kwa wget -c, amri ya kupakua inayoendelea pale ilipoishia, badala ya kuanza upya na kulipia tena. Jinsi ya kunakili faili kwa flashi. Dada wa Mbale akaandika sehemu ya FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, maana imemtesa sana shuleni kwake: flashi nyingi za dukani huja zimepangwa hivyo, na FAT32 haipokei faili moja lenye kufika GB 4, kwa hiyo unaweza kukaa ukitazama linanakiliwa, na mwisho ligome. Dawa ni kuipanga upya kwa exFAT, mpangilio mpya zaidi unaopokea faili kubwa. Tukamalizia na sha256, namba ndefu inayokokotolewa kutoka kwenye faili, ili anayepokea faili kwa mkono wa mtu alinganishe namba na ile iliyo kwenye tovuti, ajue halijaharibika wala kuchezewa njiani.

Jibu la msimamizi lilichelewa mpaka tukasahau. Lilipokuja, kwa Kiswahili lilikuwa hivi: "Nani bado anatumia flashi? Nafunga."

Hakuna salamu. Hakuna asante. Hapa kwetu hata ukienda kununua mkate unauliza kwanza habari za nyumbani, mwenye duka anajibu, ndipo mnaongea pesa. Huyu bwana hakutuuliza hata jina.

Nani bado anatumia flashi! Apande ndege aje nimtembeze katikati ya jiji, aone vibanda ambapo unachagua filamu kwenye skrini na kijana anakujazia kwenye flashi yako ukisubiri. Kama Kampala ni mbali kwake, aende Cuba, ambako kuna kitu kinaitwa El Paquete Semanal, mzigo wa filamu, muziki na programu unaozungushwa nchi nzima kwa diski kila wiki. Hao nao si watu?

Nilimjibu kwa adabu, na adabu hiyo naijutia. Akarudi na hoja kwamba flashi ni hatari kwa usalama. Ssebo (bwana we), aya nzima ya mwisho ilihusu usalama! Hakuisoma. Alisoma neno moja akafunga. Kisha akasema, kama tunataka kujadili, twende kwenye mkutano wao wa video. Mkutano ni 20:00 kwa UTC, saa ya kimataifa, yaani saa tano ya usiku kwetu, na mazungumzo yanaendelea kwenye kikundi cha Facebook. Facebook imefungiwa Uganda tangu Januari 2021. Labda hakujua. Sawa, hakujua. Lakini mtu anayesimamia tovuti ya dunia nzima si angeuliza?

Fundi wetu alicheka tu, akasema wateja wake hawasomi tovuti hata hivyo. Mimi sikuweza kucheka. Jioni ile nilikuwa tayari kuwapa nyota moja na kufuta akaunti.

Halafu akatokea mama mmoja wa Ulaya, naye mtu wa kujitolea kama sisi, akalifungua tena ombi letu. Alisoma mstari kwa mstari. Alijaribu ile habari ya FAT32 kwenye mashine yake, ikagoma kama dada alivyoandika, akarudi kusema hivyo mbele ya wote. Alimwomba dada aeleze vizuri hatua moja, akasubiri mpaka umeme urudi Mbale, akaunganisha. Tulifungua ukurasa palepale Wandegeya, na aya zetu zilikuwepo, na kwenye kumbukumbu za Git majina yetu yamekaa kando ya kila mstari. Dada alipiga kigelegele kwenye simu. Mimi, ambaye sisifii vitu vya mtandaoni, nilianza kuandika tathmini ya nyota nne, tena niliwaza hata ya tano.

Kwa bahati sikuituma. Juzi nafungua ukurasa, aya hazipo. Natafuta, nakuta yule bwana amezihamishia ukurasa mpya unaoitwa "Mazingira maalumu", na kiungo chake amekiweka chini kabisa, baada ya orodha ya wafadhili. Maelezo ya badiliko: kusafisha ukurasa. Sisi ndio uchafu? Nusu ya watu ninaowafahamu wanaweka mfumo huo kwa njia hiyohiyo, na yeye anatuita maalumu. Anayeanza leo pale Mbale hatafika huko chini kamwe. Atabofya kitufe kikubwa cha juu, bando litaisha, atarudi kwa mfumo wa wizi.

Je, ujiunge? Kama ni kujifunza, ndiyo, nakubali kwa shingo upande. Wanafunzi wetu sasa wanatumia Git bila kushikwa mkono, na kozi ya kulipia isingewafikisha hapo. Ila kabla ya kutuma chochote, fungua maombi ya zamani, uone nani husoma na nani hufunga tu, halafu mtaje kwa jina yule anayesoma.

Dada ameshatuma ombi jingine la kurudisha aya juu. Nawapa nyota mbili, na ya pili ni ya yule mama wa Ulaya peke yake. Siku akichoka nao, nitakuja kuiondoa.